Udaktari Nilioupata Shimoni

Hapa Geita nina mashine ya kusaga, duka na nyumba ya bati, na darasani sikukaa sana. Lakini udaktari wa wanyama niliufikia, tena kwa kutanguliza kichwa.

Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, alikuja kwetu Shinyanga kijana wa Kizungu aliyesomea wanyama. Alibakiza jambo moja tu apewe udaktari wa chuo kikuu: kujua nungunungu anavyolea watoto shimoni. Alikuwa amemfuatilia jike mmoja tangu mvua za kwanza, na muda wake wa kukaa nchini ulikuwa unakwisha. Akatafuta mtu wa kuingia, awaone watoto, atoke bila kumsumbua mama yao.

Sisi Wasukuma tuna chama cha wawinda nungunungu, watu wa kuingia mashimoni kwa tumbo. Nilikuwa mwanachama na, kwa maelezo yangu mwenyewe, hodari kuliko wote. Nikamwambia atulie, mnyama hatajua hata kama nimepita.

Asubuhi nikafanya kama tunavyofanya siku zote: kabla ya kuingia, nikaziba mlango wa nyuma wa shimo kwa mawe, asitoroke. Akili yangu iliishia hapo. Nikaingia na tochi. Watoto niliwaona, wananyonya. Mama yao naye akaniona. Akakimbilia mlango wa nyuma, akaikuta kazi yangu nzuri, akanirudia. Nungunungu hashambulii kwa uso. Huja kinyumenyume, miiba imesimama. Nami nikarudi kinyumenyume. Nilitoka matako yakitangulia, miiba puani, naye akanipita akaingia porini.

Nje, baba yangu mdogo, aliyenifundisha kazi hiyo, alinitazama kwa utulivu. "Mwanangu, leo nungunungu kapata windo."

Kijana hakucheka. Alikaa chini, macho kwenye kichaka.

"Asiporudi, watoto watakufa," alisema. "Na mimi nitarudi kwetu kukamua ng'ombe wa baba."

Mawe niliyaondoa upesi kuliko nilivyoyaweka. Tukamwaga majivu kwenye milango yote miwili ili nyayo zionekane, tukaondoka. Kulipokucha nilikuwa wa kwanza kufika, pua kama kiazi. Kwenye mlango niliokuwa nimeuziba, nyayo zilikuwa zimeingia. Za kutoka hazikuwapo.

Kijana alinikumbatia, pua na yote. Nikatoa machozi, akadhani ni furaha.

Udaktari wake aliupata. Wateja wakiniuliza kovu langu la puani, huwaambia ni la chuoni. Juzi mama mmoja kaniletea mbuzi mgonjwa. Nikamkagua kwa makini, nikampa chumvi.