Mama Alisema Nyonga Inamuuma, Sauti Yangu Ikamjibu Alhamdulillah

Asalaam aleikum admin, na nyie ndugu zangu mnaosoma hapa. Hamjambo? Wagonjwa wenu wanaendeleaje? Mie mwili mzima, ila moyo hauna raha kabisa. Naomba unifichie jina. Majina ya Rehema na Hamisi nimeyabadilisha.

Nina miaka 51, nakaa Mtoni, nauza chapati na supu asubuhi. Nimeishia darasa la saba. Mama yangu mzazi yuko Chanika na kaka yangu Hamisi, fundi uashi, ambaye hutoka alfajiri akarudi magharibi. Sasa mama yangu ni mtu wa salamu. Hanywi chai mpaka asikie shikamoo yangu kwenye simu. Nisipopiga ananuna, nikija kupiga mchana ananiambia, "Ahsante, nilidhani nimekufa sijaambiwa." Na saa ile anayoitaka salamu ndiyo mikono yangu iko kwenye unga, wateja wamesimama wanagonga sahani.

Binti yangu Rehema anaandika programu za kompyuta kwenye ofisi moja Mwenge. Kazini kwao walitengeneza programu inayowapigia wateja simu yenyewe, bila mtu kushika simu, kuwakumbusha siku zao za kuja. Siku moja alinikuta nanung'unika kuhusu bibi yake, akacheka.

"Mama, hii nayo ishu? Nakurekodi sauti, naandika mistari michache, kompyuta za kukodi huko mbali zinampigia bibi kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hata simu yako ikiwa imezima."

"Si uongo huo, Rehema?"

"Uongo gani? Kwani sauti si yako?"

Nikakubali. Nilifunga mlango nikarekodi, hata bismillah nilisema. "Asalaam aleikum mama, shikamoo." Halafu kimya. "Umeamkaje?" Kimya. "Alhamdulillah, tumshukuru Mungu. Haya mama, niombee, ngoja nihudumie wateja." Rehema aliipanga isubiri mtu anyamaze ndipo iendelee. Namba ilikuwa ngeni, lakini mama hasomi namba, anachojua ni kitufe cha kijani tu.

Jamani, kwa jinsi salamu zetu zilivyo, ilikwenda bila kukwama. Mama anaitikia, anasema ameamka salama, sauti yangu inasema alhamdulillah. Nilijiambia ni ya wiki moja tu, nipumue. Ikawa miezi mitano. Mwanzoni nilikuwaga napiga mwenyewe kila Ijumaa, baadaye hata Ijumaa nikaiachia mashine.

Mwezi uliopita nikaenda Chanika. Nikamkuta mama anatembea kwa kushika ukuta.

"Mama, umefanyaje?"

Akanishangaa. "Si nilikwambia? Niliteleza bafuni, leo siku ya tisa."

"Uliniambia mie?"

"Kwenye simu. Nikakwambia nyonga inawaka moto, ukanijibu alhamdulillah, tumshukuru Mungu. Kwanza niliumia, mwanangu. Nikakaa pale mkekani nikawaza, nikasema huyu mtoto ananifundisha, mja anatakiwa ashukuru kwa kila hali. Ndiyo maana hata Hamisi sikumwambia. Nilikuwa namngoja atoke ndipo nijikongoje."

Nikakodi gari saa ileile nikampeleka. Hospitali wakasema nyonga imepata ufa. Daktari aliuliza kwa nini tumechelewa siku zote hizo. Mama ndiye aliyejibu, tena anatabasamu: "Nilikuwa nashukuru."

Rehema nilipomweleza alilia sana. Akaniambia majibu ya bibi yote yamehifadhiwa, nikamwambia niwekee nisikie. Afadhali nisingesikia. Siku ile alisema, "Mwanangu, nimeanguka." Na kuna siku nyingine nyingi, sauti yangu ikishamaliza, yeye bado yuko kwenye simu anaita, "Mama Rehema? Umekata? Nilitaka kukwambia kitu. Haya, biashara njema."

Sasa mama yuko kwangu anauguzwa. Asubuhi ya kwanza nimeshika bakuli la uji namlisha, simu yake ikaita. Tulisahau kuizima ile programu! Niliinyakua nikakata.

"Nani huyo?"

"Wamekosea namba, mama."

"Wamekosea saa yako," akasema. "Saa hizi ni wewe tu."

Kinachonimaliza zaidi ni Hamisi. Mama kamnunia. Juzi alipokuja kwangu kumwona, alimwambia mbele yangu na mbele ya majirani waliokuja kumjulia hali: "Wewe unalala nyumba moja na mie, hukuona. Mwenzako yuko Mtoni, hajaacha kuniuliza hali hata siku moja. Radhi zangu ziko kwake." Kaka yangu, mtu anayemchotea maji na kumfulia, akainamisha kichwa akasema, "Nisamehe, mama." Na mie nilikuwepo. Niliendelea kukunja nguo.

Nasali, ila nikifika kwenye dua ulimi unakuwa mzito. Nawezaje kuomba kwa radhi nilizopata hivi? Rehema anasema tusimwambie, bibi ni mgonjwa, ataumia, na yeye ataiboresha programu ili mtu akisema anaumwa initumie ujumbe. Nimemwambia sitaki hata kuisikia. Lakini nikisema ukweli, mama atajua miezi mitano alikuwa anaitikia kitu kisicho na roho. Ile imani iliyombeba siku tisa za maumivu nitakuwa nimeivunja kwa mkono wangu. Nisiposema, kaka yangu anabeba lawama ambayo ni yangu.

Jumapili Hamisi anakuja kumrudisha mama Chanika. Jana nilipokuwa namkanda mama mguu aliniuliza, "Nikirudi, utaendelea kunipigia?"

Nikamjibu, "Alhamdulillah, mama." Hicho ndicho kilichonitoka.

Ndugu zangu, nimwambie au ninyamaze? Na kama ni kumwambia, nianze na yeye au na Hamisi? Tafadhali niandikieni mapema, kabla ya Jumapili.