Masomo Mawili Tuliyoyaacha Mwisho

Ardis Tollefsrud alipoingia ofisini kwangu kwa mara ya kwanza alikuwa na kalenda ya ukutani kwapani, ile ambayo duka la vyakula vya mifugo huwagawia wateja wake kila mwaka mpya. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne. Ng'ombe wao arobaini wa maziwa walikuwa wameuzwa majira ya kuchipua yaliyotangulia, na yeye, kama alivyonieleza, alikuwa amechoka kuamka alfajiri na kukuta mikono yake haina kazi.

Wakati huo nilikuwa mshauri wa masomo katika chuo cha jamii cha kaunti yetu, magharibi mwa Wisconsin, kazi niliyoifanya kwa miaka ishirini na sita. Wajibu wangu ulikuwa kuketi na mwanafunzi na kumpangia njia ya kufikia shahada ya miaka miwili ya sanaa na sayansi, ambayo kwayo angeweza kuendelea na chuo kikuu au kurudi kwake akiwa ameridhika. Karatasi ya mpango ilikuwa moja kwa wote, yenye visanduku vya insha, historia, falsafa, muziki au uchoraji, elimu ya jamii, hesabu, na somo moja la sayansi lenye maabara. Aliyesoma mchana kutwa alivijaza kwa miaka miwili. Aliyesoma kama Ardis alivyokusudia, somo moja au mawili kila muhula, alihitaji sita.

"Nataka kujua kidogo juu ya kila kitu, Mwalimu," aliniambia. "Miaka thelathini nimejua kitu kimoja tu."

"Na hicho kimoja nilimfundisha mimi," akasema mumewe, Orrin, aliyekuwa ameketi karibu na mlango na kofia yake gotini.

"Usimsikilize. Siku aliyokuja kwetu kuposa, ndama alimburuta mpaka bwawani, na baba yangu akacheka hadi akakaa chini."

Orrin akaivuta ile karatasi na kuikagua juu hadi chini. "Visanduku vyote hivi, Bwana Karatasi, hakuna hata kimoja cha kuzoa samadi?"

"Kingekuwepo," Ardis akamjibu, "wewe ungekuwa profesa."

Tangu siku hiyo Orrin hakuniita kwa jina lingine.

Ardis aliitandaza kalenda yake mezani, akatoa penseli, na kuuliza ni masomo gani yaliyo magumu zaidi. Nilimweleza kwamba kwa watu wanaorudi darasani baada ya miaka mingi, hesabu ndiyo huwatisha, na baada yake biolojia na maabara yake.

"Basi tuanze na hayo," alisema. "Nyumbani ng'ombe mkorofi tulimkamua kwanza, tungali na nguvu."

Nilitabasamu. Nilikuwa na desturi yangu, niliyoijenga kwa uangalifu na kuiamini. Nilikuwa nimewaona watu wazima wengi wakiingia chuoni kwa hamu na kukimbia kabla ya theluji ya kwanza, kwa sababu tu walianza na hesabu. Kwa hiyo nilimshauri aanze na yale atakayoyapenda, apate moyo kwanza. Hesabu na biolojia tuziweke mwaka wa mwisho, atakapokuwa amezoea. Ardis alimtazama mumewe, mumewe akainua mabega, naye akaandika kama nilivyomwambia. Sikumwambia kwamba biolojia ya maabara haisomwi na mtu ambaye hajafaulu hesabu. Masomo hayo mawili hayaendi pamoja. Moja husubiri jingine. Kwa kuwa hatukuwa na haraka, sikuona sababu ya kulitaja.

Orrin alimleta kila Jumanne na Alhamisi kwa pikapu yao ya kijani, maili kumi na moja, kisha akangoja katika mkahawa wa chuo na gazeti na kahawa yake. Ardis alipopata alama ya juu kabisa katika somo la historia, muhula wa kwanza, Orrin alipanda ofisini kwangu akiwa na kengele ya shaba. Ilikuwa ya Dagny, ng'ombe aliyekuwa akiwaongoza wenzake malishoni, na tangu Dagny afe ilikuwa imening'inia kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni.

"Siku ya mahafali nitaipiga hii," alisema. "Wote wasikie, mpaka wa kaunti ya pili."

"Mkuu wa chuo huwaomba watu wanyamaze mpaka jina la mwisho lisomwe," nilimkumbusha.

"Na nani amewahi kumsikiliza?"

Alikuwa akisema kweli. Kila mwezi wa Mei ombi hilo hutolewa, na kila mwaka ukumbi hujaa vigelegele, honi na kengele za ng'ombe kabla jina la tatu halijatajwa. Orrin aliwasimulia habari ya kengele yake wapishi wa mkahawa, mfagiaji, na wanafunzi waliotaka tu kunywa kahawa yao kwa amani. Ardis alipojua alisema ataona haya mbele za watu. Lakini nilimsikia mara mbili akiuliza kama bado ipo msumarini.

Alisoma kwa kasi kuliko mpango wetu. Kufikia majira ya baridi ya mwaka wa tano alikuwa amebakiza visanduku vitatu: falsafa, hesabu na biolojia.

Mwezi wa Desemba mwaka huo, wiki ya mitihani, Orrin hakuja kumchukua. Ardis alingoja mlangoni kwa saa mbili, theluji ikianguka, mpaka jirani alipompata Orrin upande wa pili wa mji. Alikuwa ameegesha pikapu mbele ya kiwanda cha jibini kilichofungwa miaka kumi na miwili nyuma, injini ikiunguruma. Alimwambia jirani kwamba anangoja foleni isogee ili akabidhi maziwa.

Ardis alikuja kwangu wiki ya kwanza ya Januari. Hakuvua koti.

"Daktari amesema huenda atanijua mpaka mwisho wa kiangazi," alisema. "Baada ya hapo haahidi. Nataka anione mwezi wa Mei, Mwalimu. Nipe yote matatu muhula huu. Nitaweza. Sitalala, lakini nitaweza."

Niliifungua karatasi yake, ingawa nilikuwa tayari najua itakachosema. Nilimweleza kwamba biolojia inataka hesabu kwanza. Kwamba biolojia haifundishwi wakati wa kiangazi. Kwamba mahafali ni mara moja kwa mwaka. Angemaliza mwezi wa Desemba na kuvaa joho Mei ya mwaka uliofuata.

"Miezi kumi na sita," alisema.

"Ndiyo."

"Na kama tungeanza na hesabu, mwaka ule wa kwanza?"

"Ungemaliza Mei hii."

Nilikwenda kwa Bi. Quigley, mkuu wa taaluma, nikamwomba amruhusu asome yote mawili kwa pamoja, au angalau apande jukwaani na wenzake akidaiwa somo moja. Bi. Quigley alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema jambo hilo linamsikitisha, kwamba wanafunzi wengine wanane walikuwa wameomba hivyo hivyo mwaka huo na wote aliwakatalia, kila mmoja akiwa na sababu ambayo ingemliza mtu. Sikuweza kumlaumu. Kosa halikuwa lake.

Nilipomrudishia Ardis jibu, aliikunja kalenda yake taratibu.

"Ningekukumbusha yule ng'ombe mkorofi," alisema, "lakini naona umeshamkumbuka."

Tangu mwaka huo nilimpangia kila mwanafunzi hesabu kwanza. Wengine walikimbia kama nilivyoogopa, na baadhi yao nawafahamu kwa majina mpaka leo. Sijui ni madhara yapi yaliyo madogo.

Ardis alifaulu hesabu na falsafa bila kunung'unika. Kiangazi kikapita. Mwezi wa Oktoba, alipokuwa katikati ya biolojia, ilimbidi ampeleke Orrin kwenye nyumba ya kulelea wazee, maana alikuwa akitoka alfajiri kwenda kuwatafuta ng'ombe ambao hawakuwepo. Alasiri moja Ardis alipita ofisini akinuka dawa ya maabara. Walikuwa wamepasua jicho la ng'ombe.

"Miaka thelathini haya macho yamenitazama," alisema, "sikujua kuna nini ndani. Nilimwambia Orrin. Akaniuliza, 'Binti, umeshawarudisha bandani?' Nikamwambia nimewarudisha wote."

"Na akasema nini?"

"Akanishukuru. Kwa adabu kabisa, kama mtu anayemshukuru mgeni."

Siku ya mahafali, wakati Ardis akijipanga na wenzake nje, niliomba kuketi na Orrin. Wahudumu wa nyumba ya wazee walimleta kwa kiti cha magurudumu, amenyolewa vizuri, shati jeupe limefungwa mpaka shingoni. Ardis alikuwa ameiweka kengele mapajani mwake. Majina yalipoanza kusomwa ukumbi ulilipuka kama kawaida, na nilimwona Orrin akiitazama ile shaba na kuigeuzageuza. Nikapata tumaini.

"Ardis Tollefsrud," akasoma msomaji.

"Orrin," nikamwambia sikioni, "ni Ardis. Piga kengele."

Aliingiza vidole vyake ndani ya kengele, akaushika kwa nguvu ule ulimi wa chuma unaogonga, akaikumbatia kifuani.

"Polepole," akaninong'oneza. "Amelala."

Ardis alivuka jukwaa. Aliitazama safu yetu kwa muda mrefu kuliko wengine walivyotazama za kwao, mpaka aliyemfuata akamkaribia mgongoni. Nilipiga makofi kwa nguvu zangu zote, na makofi yangu yalikuwa kitu kidogo sana katika ukumbi ule. Kengele haikulia.

Alitukuta nje, kwenye maegesho, kofia yake ya mahafali mkononi.

"Sikuisikia," alisema. "Kelele zilikuwa nyingi. Aliipiga?"

Ningeweza kusema ndiyo. Sikuwa na moyo wa kumkosea mara ya pili, nikamweleza yote, vidole na mnong'ono. Ardis akavitazama vidole vya mumewe ndani ya kengele.

"Dagny alikuwa akilala malisho ya nyuma," alisema. "Kila alfajiri Orrin alimpitisha chini ya dirisha letu kwenda bandani, amemshikia kengele isilie, ili nilale robo saa zaidi. Miaka yote. Nilikuwa macho, Mwalimu. Sikuwahi kumwambia kwamba nilikuwa macho."

Alichuchumaa mbele ya kiti na kumwonyesha cheti ndani ya jalada lake la buluu. Orrin alilitazama joho jeusi.

"Umependeza," alisema. "Unakwenda kanisani?"

"Natoka," akajibu Ardis.

"Vizuri." Bado vidole vyake vilikuwa ndani ya kengele. Ardis alimwekea cheti mapajani, akapita nyuma ya kiti, na kumsukuma taratibu kuelekea kwenye pikapu ya kijani, akikwepa mashimo ya lami ili shaba isigonge chuma.