Yashica ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu, mzee Polikarp, alianza kupiga picha hapa Lizaboni, Songea, kabla mume wangu hajazaliwa. Kamera yake ni hiyo moja, Yashica nyeusi ya filamu, ngozi yake imebanduka pale kidole gumba kinaposhika. Wenzake walihamia dijitali, kisha simu. Yeye aliletewa kamera mbili za bure akazigawa. Ukimwuliza anasema, "Mtu haachi mke kwa sababu jirani kaoa."

Mimi ni mkamwana, simkaribii sana wala simwangalii usoni. Maneno yetu hupita kwa binti yangu Imaculata, ambaye bado namfunga mgongoni na hata kusema hajaanza vizuri. "Imaculata, mwambie babu uji tayari." Naye mzee, "Imaculata, mwambie mama yako asante." Kamera nimeijua kwa njia hiyohiyo. Anamwonyesha mjukuu, mimi naosha vyombo pembeni: "Unaona kimkono hiki cha juu, kushoto? Ukivuta filamu lazima kizunguke. Kisipozunguka, ujue unapiga picha hewa."

Mwaka huu rafiki yake Makarius, dereva mstaafu wa malori, alitimiza miaka arobaini ya ndoa na mkewe Getruda. Picha ya harusi yao mzee aliipiga kwa Yashica hiyo, na ya jubilei pia aliahidi. Filamu Songea siku hizi hupati. Mume wangu alihangaika nayo Dar es Salaam, akaituma kwa basi, moja tu, ya nyeusi na nyeupe, ili baba yake aisafishe mwenyewe nyumbani. Makarius naye akawakataza wanawe kuleta mtu mwingine, na wenye simu akawaambia wasisogee mbele. "Atapiga Polikarp. Asipopiga yeye, basi."

Kanisani mzee alipiga sana. Tulipofika nyumbani kwa Makarius, Bombambili, maharusi wakasimama mbele ya turubai. Nilikuwa karibu, mtoto mgongoni. Mzee akavuta, akapiga. Kimkono kimetulia. Akavuta tena. Kimetulia vilevile.

Nitamkosoaje baba mkwe mbele ya watu wa rika lake? Lakini nikinyamaza je? Nikasogea, macho chini.

"Imaculata, muulize babu mbona kile kimkono leo hakizunguki."

Mzee akaacha kila kitu. Akakishika kimkono kwa vidole viwili, akakizungusha polepole. Kikalegea, kikaenda tu, kama pedeli ya baiskeli iliyokatika mnyororo. Alipoweka filamu asubuhi haikushika. Pete, padri, Getruda akijifuta machozi altareni, hakuna hata moja iliyoingia.

"Vipi?" akaita Makarius. "Yashica imekata roho?"

Watu wakacheka. Mwanawe Gaspari akainua simu yake. "Baba mdogo, shika hii, ina macho matatu!"

"Si nilikwambia ustaafu, wewe na kamera yako!" Makarius akaongeza.

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo, imezeeka. Wangemwonea huruma na heshima yake ingebaki. Kusema kweli, mimi nilitaka aseme hivyo.

"Kamera ni nzima," mzee akasema. "Kosa langu. Asubuhi sikuona vizuri, sikuishikiza filamu. Picha za kanisani hazipo, Makarius."

Kicheko kikakatika. Getruda akauliza kwa sauti ndogo, "Hata ya pete?"

"Hata ya pete, mama. Nisameheni."

Getruda alimtazama, akaitazama ile kamera. Kisha akamgeukia mumewe. "Nivue pete."

"Unaniacha leo?"

"Nivue, univishe upya. Kule kanisani ulinivisha mbiombio kama unafunga turubai la lori."

Watu wakacheka tena, safari hii Makarius mwenyewe akiwa wa kwanza. Mzee hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kamera wazi mapajani, anatafuta kijitundu cha kuchomekea filamu. Ncha ikawa inamkwepa. Akajaribu mara tatu.

"Imaculata, mwambie mama yako aje. Ana macho."

Sijawahi kumkaribia baba mkwe namna ile. Nilipiga magoti kando yake, nikaichomeka ncha, nikaivuta kidogo hadi meno yakaingia kwenye vitobo. Akafunga mgongo wa kamera, akavuta.

"Kinazunguka, baba," nikasema, nimesahau kabisa kupitia kwa mtoto.

"Nimekusikia, mwanangu. Kaa hapohapo, uniangalizie na zinazofuata."

Akainuka, akaitia Yashica jichoni.

"Makarius, kidevu juu! Unaitazamia nini simu ya Gaspari? Mwangalie mkeo."