Ukuta Usio na Dirisha

Kwa nini kanisa letu pale Bulla Pesa lilikuwa na madirisha upande mmoja tu? Kama ulipitia sande skuli na sisi, najua nawe uliuliza, na najua uliambiwa unyamaze.

Mengine yote tuliyajua. Fundi alilinakili kutoka kwenye kalenda kuukuu yenye picha za kanisa la matofali la Ulaya, lililojengwa Enzi za Kati. Alifuata kila kitu: madirisha yaliyochongoka juu, nguzo nene za kuegemeza kuta, na paa lenye mwinuko mkali ili theluji iteleze. Isiolo tunaisubiri theluji hadi leo. Paa liko tayari.

Lakini kanisa la kwenye kalenda lilikuwa na madirisha pande zote mbili.

Shosho, nyanya yangu, alikaa kila Jumapili upande usio na dirisha, nami kando yake, nikiiva polepole ndani ya sweta. Wenzangu wa upande wa pili walipata upepo. Mimi nilipata harufu ya mikate ya anjera kutoka kwa jirani, Mama Halima, ambaye kisima chake kilitoa maji ya kufyatulia matofali ya kanisa letu.

Nilimuuliza mwalimu wa sande skuli.

"Shetani hupitia upande huo," akasema.

"Na mlango je?"

Nilimaliza somo nikiwa nimepiga magoti. Shosho hakunitetea. "Maswali peleka shule. Hapa tunaomba."

Watoto wa siku hizi hawaulizi. Ukuta ule una soketi, kwa hivyo wanagombania kukaa kule wachaji simu.

Mwaka jana kamati iliamua kuutoboa ukuta uwekwe madirisha. Niliunga mkono kabla hawajamaliza kusema. Shosho akasimama na mkongojo wake.

"Mkitoboa, mnizike kwanza."

Hakueleza. Kikao kikaahirishwa, nami nikabisha kwa Mama Halima. Nilipomweleza, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Bado anakumbuka, huyo? Kaa chini, mtoto."

Siku hizi Bulla Pesa tunajenga kuta ndefu na kupanda vipande vya chupa juu yake, jirani asiingie. Huu wetu wa kanisa ulikuwa haujafika kiunoni shosho alipomwambia fundi asiweke dirisha hata moja, kwa kuwa uani mle, nyuma tu ya ukuta huo, kila Jumapili asubuhi, Mama Halima alivua mtandio, akaosha nywele zake, akazianika juani.