Matundu Kumi na Moja ya Fundi Rula

Walimwita Rula kwa sababu hakukadiria kitu kwa macho; hata mkate aliupima kabla ya kuukata. Alikuwa fundi seremala. Karakana yake ilitazamana na bustani ya dada yake mkubwa, muuguzi mstaafu, aliyekuwa akimpikia tangu afiwe na mke. Pasheni za dada zilitambaa uzio mzima, na hapakuwa na mgonjwa mtaani ambaye hakupelekewa jagi la sharubati yake.

Siku moja mteja aliyefuata kabati lake aliinua macho, akaona boriti ya karakana imetobolewa matundu ya duara, nyuki wakubwa weusi wakiingia na kutoka.

"Fundi, kama paa lako mwenyewe limekushinda, kabati langu litapona?"

Watu waliokuwepo wakacheka. Rula naye akacheka, lakini neno lile lilimchoma. Mteja alipotoa mguu tu, alipanda ngazi, akachovya matambara kwenye petroli na kuyasokomeza katika kila tundu, kisha akaziba kwa gundi na unga wa mbao. Matundu kumi na moja. Akapiga msasa, akapaka vanishi. Ungepita pale usingejua palikuwa na kitu.

Msimu ule pasheni zilichanua kama kawaida, lakini maua yakawa yanaanguka bila kuacha tunda. Dada alimwaga mbolea, akamwagilia asubuhi na jioni, wapi. Mwisho akaamua ni ugonjwa. "Mdogo wangu, hebu ninolee panga," akasema. Rula akalinoa. Dada akafyeka nusu ya mashina aliyoyapanda kwa mikono yake.

Wiki iliyofuata alipita afisa kilimo, binti mchangamfu. Alilifungua ua moja akawaonyesha. "Chavua iko hapa, inatakiwa ifike pale juu. Nyuki wadogo hawafikii, wanaiba asali na kwenda zao. Wanaoweza ni wale weusi wakubwa wanaotoboa mbao. Hamna hapa?"

"Walikuwepo tele, palepale kwa fundi," dada akajibu. "Sijui walihamia wapi."

Rula alijifanya anatafuta penseli. Ilikuwa sikioni mwake.

Afisa alimfundisha dada kupaka chavua kwa brashi ndogo. Basi kila mchana mama yule mwenye magoti mabovu akawa anapanda kigoda na kugusa ua moja baada ya jingine. Rula alimtazama kutoka karakana siku mbili nzima, chakula chake akikila kwa kukisukuma na maji. Siku ya tatu dada akamwita amshikie kigoda. Alikishika, akainamisha kichwa.

"Dada, hawakuhama. Niliwaua mimi."

Brashi ikasimama.

"Kwa nini?"

"Mteja alinicheka."

"Nishike nishuke," akasema. Alipofika chini alimtazama usoni. "Na panga ukaninolea."

"Ndiyo, dada."

"Ungesema siku ile kwamba umewaua, pengine nisingeyakata."

Akaingia ndani. Chakula aliandaa, lakini alikiacha mezani kimefunikwa, hakukaa naye.

Kesho yake Rula aliing'oa boriti ile na kuipasua. Ndani mlikuwa na vijia vilivyonyooka, vimegawanywa vyumba kwa visahani vya unga wa mbao, vyote vya ukubwa mmoja. Alivipima kwa rula yake, havikutofautiana. Katika kila chumba mlikuwa na mtoto mmoja aliyekauka. Aliketi sakafuni na kipande kile mapajani, na mteja alipobisha hodi hakuitika.

Alitafuta magogo makavu ya mti laini, akayafunga kwenye uzio bila kuyapaka chochote. Waliouliza ni ya nini aliwajibu ukweli wote, ingawa kila mara uso ulimwiva. Miezi ikapita, magogo yakabaki vilevile, na kigoda akawa anapanda yeye na brashi.

Mvua zilizofuata, aliona vumbi jipya la mbao chini ya gogo la tatu. Alimwita dada. Dada akaja taratibu, akaweka sikio kwenye gogo, akasikiliza.

"Yumo," akasema. Kisha, bila kumtazama, "Lakini ni mmoja tu."

"Ni mmoja, dada."

Wakasimama pale, kila mmoja upande wake wa gogo, wakimsikiliza akitoboa.