Sungura wa Mkamburi

Juzi hapa Voi nilimwona binti wa jirani akihamisha nyasi za sungura mmoja hadi kibanda cha mwingine.

"Wazoeane harufu kwanza, anti," aliniambia. "La sivyo watapigana."

Nikakumbuka alasiri ile kwetu Marungu, binamu yangu Mkamburi alipoletwa kuishi nasi baada ya mamake kufariki. Alikuja amekumbatia sungura mweupe. Kwa furaha nilimchukua yule sungura nikamtia moja kwa moja kwenye kibanda cha sungura wangu. Walianza kuzungukana mbio mbio, nami nikadhani wanacheza, nikapiga makofi. Kisha mbao zikatikisika kwa mateke, manyoya yakaruka, harufu kali ya mkojo ikanijaa puani. Mama alipowatenganisha, sikio la yule mweupe lilikuwa limechanika.

"Kumbe hamtutaki hapa," Mkamburi alisema, akilia.

Sikuelewa. Si nilikuwa nimewakaribisha? Siku hizi najua kosa lilikuwa haraka yangu. Siku ile nilikaa tu chini kando yake, nimeshikilia kitambaa kwenye sikio la sungura, hadi Mkamburi aliposogea na bega lake likagusa langu.