Tone la rangi ya kucha

Juzi kule Pasiansi, baada ya kuanua matanga, akina mama walikuwa wakiosha na kutenganisha vyombo vya kuazima. Mfiwa, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, akaja akaketi katikati yao na kuokota kikombe cheupe cha bati.

"Huu weupe unaong'aa," akasema, "Waingereza wa zamani waliuita 'amel'. Neno walilitoa kwa Wafaransa, nao kwa Wajerumani wa kale. Maana yake ilikuwa kuyeyusha. Siku hizi halisemwi tena."

Tulikuwa tumemzika mke wake. Mimi ningemwambia akapumzike, maana sijui kufariji watu.

"Kumbe! Halafu, Mwalimu?" jirani mmoja akauliza, mikono ikidondosha povu.

Akaeleza mpaka akamaliza. Ndipo jirani akakigeuza kile kikombe. Kitakoni palikuwa na tone la rangi nyekundu ya kucha, alama ambayo marehemu aliweka kwenye vyombo vyake ili visipotelee misibani.

"Hiki ni cha hapa hapa, Mwalimu. Cha mama."

Kikombe hicho kimezunguka kila msiba wa mtaa ule, na kila mara kilirudi kwa mwenyewe.